Kumtafuta Baba Kristina London

Tangu nirudi sijanunua nyanya kwa amani. Nikisimama sokoni, mtu ananishika mkono: "Mwalimu Anjela, hivi ulimpataje?" Nikienda jumuiya, rozari haijaisha vizuri watu wameshageuza viti kunielekea. Juzi fundi cherehani alikataa kunipa gauni langu mpaka nimsimulie, na nilipomaliza akaniambia nirudie kwa mkewe. Basi jamani, nimeamua kuandika mara moja. Msome wote, na mtu asinisimamishe tena juani. Habari za viza na tiketi nazirukia mbali, zilinichosha kuzifanya na zitawachosha kuzisoma.

Kwa wasiojua, niliyemfuata ni babu, mzaa mama. Alikuwa Mwairishi, fundi wa mitambo katika shamba la mkonge hapa hapa Korogwe. Alimwoa bibi yangu, wakampata Mama, mtoto wao mmoja tu. Mama alipofika miaka sita, babu aliaga kwamba anakwenda London kwa dada yake akatibiwe kifua, kisha atarudi. Hakurudi, na barua haikuja. Watu wakasema amekimbia, ana mke wa Kizungu huko. Mama amekua akiitwa mtoto wa Mzungu aliyekimbia. Aliitwa hivyo shuleni, aliitwa hivyo bombani, na siku ya harusi yake mama mkwe akalirudia mbele ya wageni. Msiba haukukaliwa, kwa sababu hakuna aliyeleta habari ya kifo, na huwezi kumtandikia mkeka mtu ambaye hujaambiwa kafa. Mwaka huu Mama anatimiza themanini. Akaniita, akaniambia, "Anjela, mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Alinikimbia au alikufa?"

Shida ilikuwa jina. Mnajua wenyewe kwetu mtu akishazaa, jina lake linastaafu. Bibi alimwita mumewe Baba Kristina mpaka anaingia kaburini, kumtaja kwa jina aliona ni kukosa adabu. Wafanyakazi walimwita Bwana Mitambo. Kwenye cheti cha shule cha Mama pameandikwa Kristina Denis, basi. Denis nani, mtoto wa nani, hapakuwa na anayejua. Huo ndio mzigo niliosafiri nao.

Korogwe hadi Barking

Ndege sina la kusema, nilikula mkate mkavu na nikalala mdomo wazi. Mambo yalianza pale uwanjani London. Afisa wa mpakani aliniuliza nimekuja kufanya nini. Nikajibu kweli tupu, kwamba nimekuja kumtafuta babu yangu. Akauliza babu ana umri gani. Mimi mwalimu wa hesabu, nikapiga hesabu pale pale, nikamwambia mia na kumi na kitu. Akauliza anaishi wapi. Nikasema hicho ndicho ninachokuja kutafuta. Alinitazama, akatazama pasi yangu, akaniomba nikakae pembeni.

Nilikaa weee. Mwishowe akaja mama mmoja mwenye cheo, akanisikiliza, akacheka mpaka akashika meza. Aliniambia hata yeye bibi yake alikuwa Mwairishi na hajui alizaliwa kijiji gani. Akagonga muhuri, akanitakia heri.

Nilifikia Barking kwa Neema, binti wa mama mdogo. Bibi aliolewa tena baadaye, ndipo akazaliwa mama mdogo, kwa hiyo Neema hana damu ya Denis, ila ana moyo. Anafanya kazi ya kutunza wazee, anatoka na shifti moja anaingia nyingine. Watoto wake wanaelewa Kiswahili chote, hasa cha kusengenya, lakini ukiwasemesha wanakujibu Kiingereza. Siku hiyo alinipikia ugali na mchicha wa kununua pale pale Barking. Nilikuwa nimejiandaa kula viazi wiki nzima, nikashukuru Mungu.

Barking hadi ofisi ya kumbukumbu, na kurudi

Siku mbili nzima nilizitupa katika ofisi ya kumbukumbu za zamani. Sisemi kwamba walinitendea vibaya, la. Kijana wa mapokezi alikuwa na adabu zake. Aliniuliza jina la ukoo, nikamwambia Denis. Akauliza jina lake mwenyewe, nikamwambia Denis. Nikamweleza kwamba kwetu mtoto anabeba jina la baba yake, kwa hiyo la mbele la baba ndilo la nyuma la mtoto, na hakuna zaidi. Akaniletea Denis wote wa Ireland aliowaweza. Walikuwa wengi kama dagaa. Kuna Denis waliokwenda Amerika, Denis waliokwenda Australia, Denis waliofungwa kwa kuiba kondoo.

Siku ya pili jioni nilikaa kwenye benchi nje, miguu imevimba, nikahisi kulia. Simu ikalia, Mama. Kila siku alikuwa anapiga, swali lile lile: "Umempata?" Nikamwambia bado. Akasema, "Haya, kula vizuri," akakata.

Stratford hadi Kenton

Nilikuwa na karata moja tu mkononi. Wakati wa babu, mkabala na shamba la mkonge kulikuwa na duka la Kanti, Mhindi wa zamani sana, mnaweza kuwauliza wazee. Wanawe walihamia London miaka mingi iliyopita, na jamaa yao aliyebaki Tanga alinipa namba ya binti mkubwa, Bi Kusum, anayeishi Kenton.

Neema alinifikisha Stratford, akanielekeza, akakimbilia kazini. Sasa pale Stratford watu wanatembea kama wanafukuzwa. Niliingia behewani, nikawasalimia wote kwa sauti, kama mtu aliyelelewa. Hakuna aliyejibu. Mmoja alihama kiti. Baadaye treni ikasimama ndani ya shimo, giza huku na huku, kikatangazwa kitu nisichokielewa. Nikasema peke yangu, "Ee Mungu, ndiyo hivi tena?" Sauti nyuma yangu ikasema, "Mama, usiogope, iko inangoja njia tu."

Alikuwa mama wa Kikongo, wa Bukavu, anatoka kusafisha ofisi. Aliniuliza niko naenda wapi, nikamwambia. Akasema njia niliyoelekezwa imefungwa leo kwa matengenezo. Alishuka na mimi, akanipeleka mpaka kwenye treni nyingine, akanikabidhi kwa mlinzi wa stesheni kama anakabidhi mtoto wa chekechea. Kabla hajaondoka alinipa ndizi mbivu kutoka mfukoni. Sikumjua jina. Popote alipo, Mungu ambariki.

Kwa Bi Kusum nilifika nimechelewa saa mbili. Mezani kulikuwa na kachori, mihogo ya kukaanga, achari, chai ya maziwa iliyokolea tangawizi. Ana miaka themanini na mitatu, mdogo wa umbo lakini mkali. Alinishika uso kwa mikono miwili, akasema, "Wewe mtoto ya Kristina? Kristina wa nywele nyekundu? Sisi tulicheza rede pamoja." Hapo ndugu zangu machozi yalinitoka, maana sikuwahi kusikia mtu akimtaja Mama utotoni bila kumtukana.

Mdogo wake, Mzee Jayanti, alikuwepo. Alishikilia kwamba Bwana Mitambo alikuwa Mskoti na jina lake lilikuwa la Kiskoti kabisa. Bi Kusum akasema wewe ulikuwa bado unanyonya. Waligombana karibu saa nzima, Kigujarati kikiingia Kiswahili kikitoka, na mimi nilikula kachori zangu taratibu. Mwisho dada mtu aliinuka kwa hasira, akapanda ghorofani, akarudi na albamu ya stempu.

Nieleze hapa. Babu hakuwa na sanduku lake la posta, barua zake zilikuja kwa sanduku la duka. Kusum alikuwa anakusanya stempu. Kila barua ya London ikifika, babu alimpa bahasha. Nyingi alizibandua, lakini moja aliipenda ikiwa nzima, na amehama nayo Korogwe, Tanga, Kenton, kama mtu mwingine anavyohama na dhahabu. Mbele pameandikwa Denis Heffernan, kwa Kanti, Korogwe. Nyuma pameandikwa jina la dada yake, na mtaa, na namba ya nyumba, Kilburn, London.

Nilimuuliza kwa nini miaka yote hakumwambia mtu. Akanishangaa. "Hakuna mtu aliniuliza."

Heffernan. Nililitamka njia nzima kurudi Barking ili nisilipoteze. Mimi Anjela, kumbe nina Heffernan mahali. Mama alipopiga nilimwambia, "Nimepata jina lake." Akaniambia nimtamkie. Nikamtamkia. Akajaribu mara tatu, akashindwa, akacheka.

Kenton ilipokwisha, Kilburn

Asubuhi nikaenda Kilburn na bahasha ile, maana Bi Kusum aliniazima kwa kiapo. Nyumba bado ipo. Nilibonyeza kengele, akafungua kijana mwenye taulo kiunoni, akanyoosha mkono. Alidhani nimemletea chakula. Mimi nikadhani ananisalimia, nikaushika mkono nikautikisa vizuri. Tulikaa hivyo kwa muda. Alipoelewa aliniomba radhi, akasema nyumba imegawanywa vyumba na hakuna Mwairishi aliyebaki humo, ila nikaulize kanisani, mwisho wa mtaa.

Ofisini kwa kanisa nilimkuta mama mmoja wa rika la sabini na kitu, Bi Noreen, karani wa parokia, na yeye Mwairishi. Nilianza kujieleza kwa Kiingereza changu cha darasani. Nilipofika kwenye kwamba natafuta habari za kifo ili familia ikae msiba, alinyanyua mkono ninyamaze. Akafunga mlango, akazima simu, akabandika chai, akatoa mikate yenye mayai, ndipo akakaa mbele yangu akasema sasa niambie. Nilijisikia nimefika nyumbani. Watu wanaojua msiba unajuana nao haraka.

Nikamtajia jina. Akapiga makofi mara moja. "Denis Heffernan? Denis na Kristina wake! Tunawajua."

Alinieleza kwamba kila Novemba wanawake wa parokia wanakwenda kusafisha makaburi ya wasio na ndugu na kuwaombea. La Denis ni mojawapo. Wamelala pamoja, alisema, yeye na mkewe Kristina, jiwe moja. Wamewaombea wote wawili tangu mama yake Noreen alipokuwa kiongozi wa kikundi, na Noreen mwenyewe ameirithi kazi hiyo.

Niliurudisha mkate sahanini. Mkewe. Kwa hiyo yalikuwa kweli. Watu wa bombani walisema kweli, mama mkwe alisema kweli. Na si mke tu, alitafuta hata mwenye jina la mwanawe. Bi Noreen aliona uso wangu, akadhani ni majonzi ya kawaida, akaniongezea chai. Akasema atanipeleka kaburini mwenyewe, ana gari.

Kilburn hadi makaburini

Hiyo ndiyo safari fupi kuliko zote na ndiyo iliyonichosha. Bi Noreen aliendesha akisimulia habari za mvua. Mimi nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Mama. Nitasema alikufa tu, habari ya mke niimeze? Nimfundishe mwanamke wa miaka themanini uongo wa mwisho wa maisha yake? Nilimkasirikia babu, nawaambia kweli. Nilimtukana moyoni kwa Kizigua. Simu ikalia mfukoni, Mama, na kwa mara ya kwanza sikupokea.

Tulitembea kati ya makaburi mengi, nyasi zimelowa. Akasimama kwenye jiwe dogo la kijivu, safi, limesuguliwa. Akasema hawa hapa.

Nikasoma. Mstari wa kwanza: DENIS HEFFERNAN. Mstari wa pili: BABA KRISTINA.

Nilisoma mara mbili. Halafu nikakaa chini pale pale kwenye tope na koti la kuazima la Neema. Nilicheka, nikalia, nikacheka. Bi Noreen alichutama akanishika bega, akinong'ona pole, pole, yeye pia alikuwa mke mwema, Bi Kristina Baba.

Nikamwambia, "Hakuna Bi Baba. Baba ni baba. Kwetu mtu anaitwa kwa mtoto wake. Hilo ndilo jina lake yeye. Kristina ni binti yake."

"Na yeye amezikwa wapi?"

"Hajazikwa. Yuko Korogwe. Amenipigia simu sasa hivi."

Bi Noreen alifunika mdomo kwa mikono miwili. Miaka yote wameombea roho ya mtu mzima wa afya, ipumzike kwa amani. Alitazama jiwe, akanitazama mimi, akaanza kucheka kwa aibu, na mimi nikashindwa kujizuia. Mzee mmoja aliyeleta maua kaburi la jirani alitukunjia uso, tukazidi.

Tulikwenda ofisi ya makaburi kwa pamoja. Mtunzaji alifungua kitabu kikubwa, akatuonyesha. Kaburi lina mtu mmoja. Alikufa kwa kifua miezi saba baada ya kuondoka hapa kwetu; nilihesabu mwenyewe, maana Mama anajua mwezi alioaga. Pembeni pameandikwa kwamba maneno ya jiwe ni kwa agizo la marehemu mwenyewe, na kwamba dada yake amerudi Ireland. Kwa nini barua haikuja, kitabu hakikusema. Na penye makao ya marehemu hawakuandika Kilburn. Wameandika Korogwe, Tanganyika. Mtu amelala hospitalini London, anaulizwa kwako ni wapi, anajibu Korogwe. Niliuweka mkono juu ya lile neno, mtunzaji akaniacha.

Jinsi nilivyopumua siku ile siwezi kuwaeleza. Nilikuwa nimebeba hofu tangu Kilburn na kumbe kabla ya hapo nilikuwa nimebeba nyingine, ya Mama, toka nazaliwa. Zote ziliniachia pamoja.

Barking, siku tatu za kunyamaza

Neema alipoiona picha ya jiwe alilia, kisha akachukua simu yake. "Dada, ngoja nimtumie Mama Mkubwa sasa hivi." Nilimpokonya. Tuligombana kweli. Yeye anasema Mama amengoja miaka sabini na nne, unamngojesha tena siku tatu kwa nini? Mimi nikamwambia habari ya kifo cha baba haiingii kwa simu, mtu yuko peke yake jikoni. Inapelekwa na watu, inakalishwa, inasemwa. Umekaa sana Uingereza, nikamwambia, umesahau kuogopa. Alinuna mpaka jioni, halafu akaja na chai akasema nina haki.

Mama alipopiga nilipokea. "Umempata?"

"Mama, nikija tutaongea."

Kila mtu wa kwetu anajua maana ya maneno hayo. Akasema, "Haya, mwanangu. Njoo salama." Na siku zilizobaki hakupiga tena.

London hadi Korogwe

Ninyi mlikuja mchana, mkakuta mikeka imetandikwa. Asubuhi hamkuiona, na ndiyo mnayoniuliza.

Nilifika na mama mdogo, kaka yangu na katekista. Mama alikuwa ameshaoga, amekaa kitini, mikono mapajani. Kaka ndiye aliyesema, kama inavyotakiwa. Alisema baba yako alifika London akiwa mgonjwa, na ugonjwa ule ule ukamchukua, miezi saba tu. Mimi nikampa picha ya jiwe. Aliisogeza mbali, akaileta karibu, akasoma kwa kidole. Hakulia. Aliuliza nani analisafisha, mbona ni safi hivyo. Nikamweleza habari za Bi Noreen na wenzake, kwamba wamekuwa wakimwombea na yeye pumziko la milele kila Novemba.

"Mimi?"

"Wewe, Mama. Walidhani umelala naye."

Alifikiri. "Ndiyo maana sifi," akasema, na katekista akashindwa kujizuia, sote tukacheka.

Kisha akauliza lile swali kwa mara ya mwisho, taratibu, akinitazama mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekwenda. "Kwa hiyo hakunikimbia."

"Hakukukimbia, Mama. Alikufa."

Hapo ndipo kilio kilipomtoka, na si cha mwanamke wa miaka themanini. Kilikuwa cha mtoto wa miaka sita. Mama mdogo alimkumbatia, tukamwacha alie mpaka akamaliza mwenyewe. Akajifuta, akainuka bila kushikwa, akafungua kanga ya begani akajifunga kiunoni.

"Anjela, toa mikeka nje," akasema. "Halafu piteni kwa majirani, nyumba zote, msiruke hata moja. Waambieni nimefiwa na baba."